Mgonjwa wa utumbo aulizwe anavyoishi, si mara ngapi ameingia chooni

KWA muda mrefu hospitali zetu zimekuwa zikimpima mgonjwa kwa vitu vinavyoonekana: damu, mkojo, choo, uzito, shinikizo la damu. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga hilo. Lakini kuna kundi la wagonjwa ambao vipimo vyao vyaweza kutoka vizuri huku maisha yao yakizidi kuharibika, na ndugu zangu mnaovuka Oraba kila wiki na magunia yenu mnawafahamu, hata kama hamjui jina la ugonjwa wao. Ni yule mama anayepoteza nafasi yake kwenye foleni ya forodha mara tatu kwa asubuhi moja. Ni yule abiria ambaye hajala tangu jana mchana kwa sababu leo anapanda lori la kwenda Yei.

Ninaowazungumzia ni watu ambao utumbo wao huvimba na kuchubuka kwa miaka mingi. Madaktari huyagawa maradhi haya katika mafungu mawili makubwa. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana na kumfanya mtu aharishe damu. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauambukizi. Si amiba, si taifodi, wala mtu hakurogwa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inaugeukia utumbo wenyewe. Dawa zake kwa kawaida hutuliza, hazing'oi. Mgonjwa anaweza kukaa mwaka mzima bila shida, kisha siku moja moto unawaka upya.

Tuanze na jina, maana jina ndilo linaloanza kumpoteza mgonjwa. Tukisema "vidonda vya tumbo" kila mtu anafikiria vile vya mfuko wa chakula vinavyochoma mtu akikaa na njaa. Tukisema "homa ya matumbo" tunamaanisha taifodi. Tukisema "tumbo la kuendesha" tunawaza maji machafu. Kwa hiyo mtu anayeharisha damu kwa miezi minne anaingia duka la dawa, anasema ana vidonda tumboni, anauziwa vidonge vya kupunguza asidi. Akirudi anapewa Flagyl. Akirudi tena anapimwa taifodi, na jibu linakuja kwamba anayo, kama linavyokuja kwa watu wengi mno huku kwetu. Simlaumu sana mwuza dawa. Amiba ipo kweli, kichocho cha tumbo kipo kwa wanaoishi kando ya Nile, na kifua kikuu cha utumbo hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi kwamba hata madaktari bingwa wenye mashine zote hubabaika. Ila mtu akitoa damu chooni kwa wiki nyingi na mwili unapungua, dawa ya dukani haitoshi. Aende hospitali aonwe na daktari.

Kuna sababu nyingine inayofanya ugonjwa huu usitambuliwe, na hiyo ni ya kihistoria na inatuhusu sisi wa West Nile moja kwa moja. Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1964, kwanza Lira kisha Mulago. Rafiki yake wa karibu alikuwa Dk Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, aliyetibu pale pamoja na ndugu yake Peter. Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na Dk Cliff Nelson walipanda gari moja kuukuu na kusafiri wiki kumi hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu ule uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Wazee wa Kuluva wanajivunia habari hiyo mpaka leo, na wana haki.

Aliporudi Uingereza, Burkitt aligeukia utumbo. Yeye na wenzake walipima uzito wa choo na muda ambao chakula hutumia kupita mwilini, wakalinganisha wanakijiji wa Uganda na Waingereza. Mwaka 1972 walichapisha matokeo: choo cha mwanakijiji kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Mwingereza, na chakula chake kilipita upesi zaidi. Hoja yao ilikuwa kwamba makapi ya nafaka na vyakula visivyokobolewa yanatukinga na maradhi mengi ya utumbo yaliyowajaa watu wa Ulaya. Enyasa yetu ya unga wa muhogo na mtama ikapata sifa duniani bila sisi kujua.

Sina ugomvi na Burkitt. Tatizo ni imani iliyojengwa juu ya kazi yake, kwamba utumbo wa Mwafrika hauugui maradhi ya Wazungu. Makadirio ya dunia ya mwaka 2017 yalikuwa karibu wagonjwa milioni 7 wa maradhi haya mawili, na ongezeko limeonekana hasa katika nchi ambazo zamani zilidhaniwa kutokuwa nayo. Tena tukumbuke kwamba Burkitt alipima choo cha watu wazima wa afya. Hakuwa na haja ya kuwauliza wanaishije na matumbo yao, kwa sababu matumbo yao hayakuwasumbua.

Waliouliza swali hilo kwa utaratibu walikuwa mbali sana na Oraba. Mwaka 1989 Dk Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa fomu ya maswali 32 kwa ajili ya wagonjwa hawa. Kilichonivutia ni namna walivyoitunga. Hawakukaa ofisini kubuni. Waliwauliza kwanza wagonjwa wenyewe ni mambo gani yanawasumbua, kisha wakachagua yale yaliyotajwa na wengi na yaliyowauma zaidi. Maswali 10 yanahusu tumbo lenyewe: kuharisha, kukatwa na tumbo, gesi, damu. Maswali 5 ni ya mwili kwa jumla, kama uchovu na usingizi. Maswali 5 ni ya shughuli na mahusiano, yaani kazi, kutembeleana, unyumba. Na maswali 12 ni ya moyo: hofu, hasira, aibu, kukata tamaa, wasiwasi wa kutopata choo pale kitakapohitajika.

Msomaji, hesabu tena. Watu wenye ugonjwa wa utumbo walipoulizwa kinachowasumbua, mambo ya moyo yakawa mengi kuliko ya tumbo.

Kila swali lina majibu 7, kutoka baya kabisa hadi zuri kabisa, na mgonjwa anajibu kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama ya chini ni 32, ya juu ni 224. Anayefikisha 170 huhesabiwa kwamba ugonjwa umetulia, na mgonjwa akipanda alama 16 madaktari husema dawa imeleta tofauti ambayo mtu anaihisi mwenyewe. Mimi ni mwalimu, napenda alama lakini naziogopa pia. Kwenye mtihani wetu wa darasa la saba mtoto mwenye jumla ya 4 ndiye wa kwanza na mwenye 36 ndiye wa mwisho, na kila mwaka kuna mzazi anayefurahia namba kubwa. Namba haijisemei. Lakini mwalimu asiyetoa alama kabisa hawezi kujua kama mtoto wa Machi ameendelea ifikapo Julai, na daktari naye ni hivyo hivyo.

Dunia imelikubali jambo hili polepole. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la mabingwa wa maradhi haya lilitoa mwongozo mpya wa malengo ya tiba, na humo kurudi kwa ubora wa maisha na mtu kutobaki na ulemavu kumewekwa kuwa lengo rasmi, sambamba na kupona kwa utumbo unaoonekana kwa kamera. Maana yake ni kwamba daktari akiona utumbo umepona lakini mgonjwa hawezi kutoka nyumbani, hajamaliza kazi.

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Namfahamu mama mmoja mfanyabiashara wa simsim na maharage, mrejeaji kama mimi. Alihangaika kwa zaidi ya mwaka na amiba ambayo haikuwa amiba. Mwishowe watoto wake waliuza ng'ombe, wakampeleka hospitali moja kubwa mbali na hapa, akapigwa kipimo cha kamera, ikaonekana ana kolaitisi ya vidonda. Akapewa salfasalazini na prednisoloni. Aliporudi kuonwa baada ya miezi kadhaa, alikuwa anakwenda chooni mara tatu kwa siku badala ya kumi na mbili, na damu ilikuwa imekatika. Kwenye daftari lake kumeandikwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kwamba anaendelea vizuri.

Nililisoma daftari hilo mwenyewe, kwa idhini yake, kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini mtu anayeendelea vizuri ameacha biashara. Nikamwuliza. Akaniambia, "Mwalimu, mara tatu si nyingi kama unazijua. Mimi sizijui." Dereva wa lori hasimami porini kwa ajili ya mtu mmoja, na barabara ya kwenda Yei si mahali pa mama kushuka peke yake kwenye majani. Kwa hiyo alianza kuishia Kaya, ng'ambo tu ya daraja. Baadaye akawa anauza hapa hapa Oraba, akikaa karibu na choo cha kulipia. Kisha akaona anatumia fedha kwenye choo na hana wa kumwachia magunia. Akarudi nyumbani. Prednisoloni ilimvimbisha uso, wanawake sokoni wakaanza kunong'ona wanavyonong'ona watu, na usingizi ukamkimbia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Lakini naomba nieleweke. Hata angeulizwa, huenda asingesema. Hapa ndipo penye ugumu ambao Wakanada hawakuwa nao. Kiswahili chetu kinamfundisha mtu kujibu vizuri kabla hajafikiri. Ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama uko kitandani. Ukiulizwa habari, ni nzuri. Baada ya kimya kidogo ndipo linakuja lile "ila", na habari yenyewe iko baada ya "ila". Muuguzi mwenye haraka anaandika "nzuri" na kuita mgonjwa mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapa mgonjwa hakuficha kitu. Alikatizwa kabla ya "ila".

Sisi tuliokulia uhamishoni tuna ugumu wa ziada, na wa pili wake unawafikia sasa ndugu zetu walioko Bidibidi na Lobule. Nilivuka mpaka huu mwaka 1980 nikiwa na miaka mitatu. Nilianza shule kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Sudan, nikamalizia upande wa Zaire, kama ilivyoitwa wakati ule. Tulipimwa sana. Tulihesabiwa vichwa, tukapimwa mikono kwa utepe, mahindi na mafuta yakapimwa kwa kikombe. Msomi Barbara Harrell-Bond aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi wetu wa Uganda katika eneo la Yei mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuchapisha kitabu chake Imposing Aid mwaka 1986, aliwakosoa watoa misaada kwa kupanga mambo yetu bila kutuuliza sisi wenyewe. Mtu aliyepitia hayo anajifunza kitu kimoja kuhusu mgeni mwenye karatasi na kalamu: jibu lako litaongeza au litapunguza posho. Ukisema una nguvu, unaweza kukosa. Ukisema huna nguvu kabisa, pengine utaondolewa kwenye orodha ya wanaopewa mashamba. Basi unajibu unavyodhani karatasi inataka.

Mrejeaji akiwekewa fomu ya maswali 32 mbele yake leo, haoni utafiti. Anaona orodha. Kwa hiyo wale wanaodhani kazi imekwisha wakishatafsiri fomu ya Kanada kwa Kiswahili wanajidanganya. Lazima mgonjwa aambiwe mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba jibu lake halitaongeza wala kupunguza dawa atakazopewa bure, na kwamba linabaki kwake. Na anayeuliza awe mtu yule yule kila mara, si mgeni mpya kila mwezi.

Tafsiri nayo si jambo dogo. Kuna fomu nyingine maarufu ya afya kwa jumla, yenye maswali 36, iliyotungwa Marekani. Ilitengenezewa toleo la Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Fomu ya asili ilimwuliza mgonjwa kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza golfu. Mtafsiri mwenye akili hatafuti neno la golfu. Anatafuta kazi ambayo mama wa hapa huifanya kila siku kwa nguvu kama hizo, mathalani kubeba ndoo ya maji au kufagia uwanja. Hiyo si kupotosha fomu, ni kuiokoa.

Na mfano mzuri kuliko wote hatuhitaji kuutafuta Ulaya. Uko Kampala. Chama cha tiba shufaa cha Afrika, ambacho kinashughulika na kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi na kina makao yake huko, kilitengeneza kipimo cha maswali 10 tu. Saba anaulizwa mgonjwa, matatu anaulizwa anayemwuguza. Yapo maswali ya maumivu na wasiwasi, lakini pia mgonjwa anaulizwa kama ameona maisha yana thamani na kama moyo umetulia. Majibu yanatoka 0 hadi 5, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa vidole: ngumi ni sifuri, kiganja kilichofunguka ni tano. Kipimo hiki kilithibitishwa kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Kilitungwa kwa ajili ya watu wenye saratani na Ukimwi, si wa utumbo, lakini kinaonyesha kwamba inawezekana kumpima Mwafrika anayeteseka bila kumpa fomu ya kurasa sita.

Sasa, kama ningepewa nafasi ya kukaa na waganga wetu wa Koboko na Arua, ningewaambia wasianze na 32. Waanze na maswali machache yanayomhusu mtu wa mpakani, na yote yawe ya vitendo. Katika wiki mbili zilizopita, umesafiri au umeghairi safari kwa sababu ya tumbo? Umekaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni siku ngapi? Umekula sahani moja na wenzako au umejitenga? Umekaa matangani hadi mwisho, au uliondoka kabla watu hawajaona? Usiku umeamka mara ngapi?

Kwa Waislamu, ambao huku Koboko na Yumbe ni wengi, kuna swali ambalo Mkanada asingeweza kulifikiria. Mtu ambaye tumbo halimpi nafasi anashindwa kukaa na udhu hadi sala imalizike. Nimeona wazee walioacha kwenda msikitini, si kwa uvivu, bali kwa aibu ya kutoka safu katikati ya sala. Masheikh wanalo jibu la mwenye udhuru, na sheria ina huruma kuliko watu wanavyodhani, lakini nani amemwuliza mgonjwa ili aelekezwe? Na Ramadhani ikifika, kufunga au kutofunga huku unameza dawa mara tatu kwa siku ni jambo la kuzungumza na daktari wiki nyingi kabla, si siku ya mwezi kuandama.

Kuhusu unyumba nitasema kwa ufupi. Fomu ya Kanada inauliza, na ni haki iulize. Lakini muuguzi kijana wa miaka 23 hawezi kumwuliza mama wa miaka 50 swali hilo mbele ya mkwewe aliyemsindikiza. Katika desturi zetu kuna shangazi, kuna wanawake wazima. Kituo cha afya kikose mashine, lakini kisikose mwanamke mtu mzima wa kuuliza mambo hayo faraghani.

Lugha ni jambo jingine. Foleni moja ya hospitali ya mpakani ina Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili. Mgonjwa akiulizwa kwa lugha ya soko atajibu kwa adabu ya soko. Akiulizwa kwa lugha ya mama yake atasema "ila" yake.

Mtauliza: majibu yataandikwa wapi? Kila mtu aliyewahi kutibiwa kwenye hospitali ya serikali anajua kwamba mgonjwa hubeba daftari lake la shule, lile lile wanalotumia wanafunzi wangu, na daktari huandika humo. Wengine hulidharau daftari hilo wakiota kompyuta. Mimi naliona kuwa chombo kinachotufaa kuliko vyote, kwa sababu linavuka mpaka. Kompyuta ya Arua haitaonekana Yei wala Ariwara, lakini daftari liko ndani ya mfuko wa mama, pamoja na kitambulisho na risiti za forodha. Ukurasa wa mwisho upigwe mistari: tarehe juu, maswali matano kando, namba 0 hadi 5. Ndani ya miezi sita daktari yeyote, wa upande wowote, ataona kwa jicho moja kama huyu mtu anapanda au anashuka. Ataona pia kama dawa iliyokausha damu ndiyo iliyoua usingizi, na hapo anaweza kupunguza kipimo taratibu au kubadilisha. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, maana prednisoloni ikikatwa ghafla ina hatari zake.

Najua jibu nitakalopewa. Muuguzi mmoja ana wagonjwa mia moja mlangoni, dawa zenyewe hazitoshi, na mtu anataka aulizwe habari za matanga! Ni hoja nzito na siwezi kuipuuza. Tangu ada za matibabu zilipofutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, watu wamekuja kwa wingi kuliko mikono ya kuwahudumia. Lakini maswali matano ya vidole hayachukui muda mrefu kuliko kupima shinikizo la damu, na anayeyauliza si lazima awe muuguzi. Wahudumu wa afya wa kijiji wanaweza. Hata mtoto wa darasa la sita anaweza kumwandikia bibi yake nyumbani jioni, akiwa anajua kusoma tarehe. Na kuhusu uhaba wa dawa, nadhani hoja hiyo inasimama upande wangu. Dawa ikiwa chache, mnataka kuipoteza kwa mtu ambaye haimsaidii kuishi, eti kwa sababu hamkumwuliza?

Wapo pia watakaosema ugonjwa huu ni wa wachache, tushughulike na malaria. Ni kweli malaria inaua zaidi. Lakini wachache hao hatujawahesabu, na hatuwezi kuwahesabu wakati wote wanaandikwa amiba. Tena maswali haya haya yanamfaa mwenye kisukari, mwenye kifua kikuu anayemeza dawa miezi sita, na yule aliyewekewa mfuko wa haja ubavuni baada ya kupasuliwa utumbo, ambaye kwa taarifa yenu anaogopa bodaboda kuliko anavyoogopa kisu cha daktari.

Upande wenu wafanyabiashara lipo la kufanya bila kusubiri wizara. Vyama vya wafanyabiashara wa Oraba hukutana na maofisa wa forodha na wa halmashauri kila wanapozozana juu ya ushuru. Siku hiyo hiyo waulize: choo cha kulipia kinafunguliwa saa ngapi na kinafungwa saa ngapi? Kina maji? Mgonjwa mwenye barua ya daktari anaweza kuingia bila kulipa kila mara, na magunia yake yakaangaliwa na nani? Madereva wa malori nao waulizwe kama wanaweza kukubaliana mahali pawili pa kusimama palipo salama kati ya Kaya na Yei. Yule mama wa simsim aliniambia kwamba akijua lori litasimama wapi, ataanza tena na gunia mbili.